Nzi wa Matunda Hasubiri Julai: Barua ya Wazi kutoka Muheza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Muheza. Mkurugenzi na Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri yetu. Na Viongozi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mama mkulima wa Mtindiro, wilayani Muheza. Nina michungwa niliyoachiwa na marehemu baba, mingi yake ya aina ya Valencia, na kipande cha bondeni kando ya kijito ninapolima nyanya, bilinganya na pilipili hoho. Machungwa hayo ndiyo yaliyowasomesha wanangu watatu. Naandika wiki hii ya mwisho ya Septemba, kabla vuli haijaanza, na wiki nimeichagua makusudi, kwa sababu ninachotaka kuwaambia kinahusu tarehe.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Mwaka wa wadudu shambani kwangu huanza siku mvua ya kwanza ya vuli inapolaza vumbi, mwezi wa Oktoba au Novemba. Michungwa iliyokaa kimya kiangazi chote huchipua kwa pamoja ndani ya wiki chache: majani laini, vikonyo, maua. Harufu ya maua yale inafika mpaka barabara kuu. Na hapo ndipo wanapoingia wote. Vidukari weusi hukunja majani machanga. Kidomozi huchora njia zake nyeupe ndani ya jani kama mtoto aliyepewa chaki. Viwavi wa yule kipepeo wa michungwa, wanaofanana na kinyesi cha ndege, wanaweza kuumaliza mche mdogo kwa siku mbili. Baada ya hapo yanafuata maembe, linafuata joto la kaskazi, inafuata masika, kila kipindi na mdudu wake. Ikifika Julai, sisi tumekwisha kuvuna sehemu kubwa na kuhesabu hasara.

Miaka mitatu iliyopita gari la mradi mmoja lilifika kijijini kwetu mwezi huohuo wa Julai. Walikuwa vijana wenye adabu na ujuzi. Walituletea mitego, wakatufundisha kuitundika, wakatuachia na dawa yake. Mitego ilinasa nzi wengi, lakini nzi wale walikuwa wamekwisha kutaga. Shamba langu lilikuwa limevunwa zaidi ya nusu na machungwa yaliyobaki yalikuwa yakidondoka yenyewe usiku, nikiyasikia nikiwa kitandani. Siwalaumu vijana wale. Walikuja fedha zilipotoka. Ninachokililia ni kwamba hakuna aliyekaa na kuuliza fedha zitoke lini ili zimkute nzi bado hajataga.

Niseme kwanza habari za nzi huyu, maana ndiye aliyetutesa kuliko wote, na kuna watu wanaodhani amekuwepo tangu enzi za mababu. Hakuwepo. Tulikuwa na nzi wa matunda wa kwetu, wa Kiafrika, na walitusumbua kwa kiasi. Huyu wa sasa alitoka Asia. Alionekana mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2003 pwani ya Kenya, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens mwaka 2005, kisha mwaka 2015 wakakubaliana kwamba ni yuleyule Bactrocera dorsalis wa Asia. Marehemu baba alifariki bila kumfahamu kwa jina. Aliniambia tu, "Mwanangu, machungwa siku hizi yana funza kama nyama."

Jike hutoboa ganda la tunda na kutaga chini yake. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili. Funza hula ndani kwa wiki moja na ushee, tunda linadondoka, naye hutoka akajichimbia udongoni sentimita chache tu na kujifunga kwenye kifuko cha kahawia kinachofanana na punje ya mchele. Kwa joto la huku kwetu, tangu yai mpaka nzi mpya aliye tayari kutaga ni kama mwezi mmoja tu, au zaidi kidogo. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake.

Sasa angalieni kalenda. Maembe yetu ya Tanga huanza kuiva Novemba na Desemba. Muheza haina upungufu wa miembe: iko viwanja vya shule, misikitini, makanisani, makaburini, kando ya barabara, kwenye mashamba ambayo wenyewe wako Dar es Salaam na hawajayaona tangu msiba wa mwisho. Embe la mti usio na mwenyewe haliokotwi. Linaoza palepale, na kila embe moja lililooza laweza kutoa makumi ya nzi. Nzi wa Desemba anazaa wa Januari, wa Januari anazaa wa Februari, katikati wakipata mapera ya kuwashikiza, na masika inapolainisha udongo mwezi Machi na Aprili wanakuwa jeshi. Machungwa yangu ya msimu mkubwa huanza kubadilika rangi wakati huohuo. Yanakuwa yamewekewa mgeni tangu Desemba, chini ya mwembe ambao si wangu na siwezi kuugusa.

Hilo ndilo linalonifanya niandike kwenu badala ya kuchimba mashimo yangu na kunyamaza. Mashimo nachimba. Tangu mwaka juzi, kila Jumatatu na Alhamisi mimi na mwanangu wa mwisho tunaokota kila kilichodondoka shambani, tunafukia futi mbili chini na kushindilia udongo. Tukipata mifuko myeusi ya plastiki minene, tunafungia matunda humo na kuiacha juani zaidi ya wiki, mpaka funza wote wafe kwa joto. Kazi hii haina gharama, ina jasho. Lakini nzi anaruka. Nikisafisha ekari zangu na jirani asisafishe zake, nimemwandalia nzi wa jirani meza safi.

Mwaka jana mwezi wa Juni mnunuzi alipasua machungwa 10 kutoka kwenye rundo langu, mbele ya fuso lake. Manne yalikuwa na funza. Hakunigombeza, hata bei hakunipunguzia. Alifunika turubai, akaenda zake shamba lingine. Ndani ya wiki ile nilikuwa mtu wa kusimama Segera na beseni, nikiuza machungwa kwa abiria wa mabasi.

Na kuna jambo jingine ambalo liko mikononi mwa Halmashauri moja kwa moja. Wakati wa msimu, wanunuzi huchambulia machungwa pale malori yanapopakia. Mazuri yanaingia kwenye matenga na kupanda lori kwenda Dar es Salaam au kupita Horohoro kwenda Mombasa. Yaliyotobolewa, yaliyopasuka na yenye madoa hubaki kwenye lundo kando ya barabara, wiki baada ya wiki. Hakuna kiwanda cha nzi kinachoshinda lundo lile: machungwa yote mabovu ya kijiji yamekusanywa mahali pamoja, chini yake udongo laini, juu yake kivuli. Kila lori linalotoka limelipa ushuru wa mazao. Naomba sehemu ya ushuru huo, hata ndogo, ilipe vijana watatu kwa kila kituo cha kupakilia wafukie lundo kabla ya jua kuzama. Naomba pia sheria ndogo ya Halmashauri imtake kila mwenye shamba, awepo au asiwepo, aokote na kufukia matunda yaliyodondoka, na miti isiyo na mwenyewe iwe chini ya serikali ya kijiji. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ile iliyounda Mamlaka yenu ya kule Arusha, imekwisha kulitambua jukumu la kuzuia visumbufu vya mimea. Kilichobaki ni kuishusha sheria hiyo mpaka chini ya mwembe.

Wenzetu wa nchi za baridi wana majira yao ya kuchipua, yanayoanza kwao Machi na Aprili theluji inapoyeyuka. Nimekuwa nikisoma kwenye simu wanavyofanya, na nimejifunza mengi. Kwenye mitufaha yao kuna utitiri mwekundu ambaye mayai yake hukaa juu ya magome kipindi chote cha baridi; mkulima hupuliza mafuta mepesi kabla maua hayajafunguka, mayai yakakosa hewa na kufa, bila sumu kali. Kuna na nondo wa tufaha. Kwa huyo hutundikwa mitego, na siku dume wa kwanza wanapoanza kunaswa, wataalamu huanza kujumlisha joto la kila siku lililozidi nyuzi 10 za Selsiasi. Jumla ikifika kiwango fulani, wanajua mayai yanakaribia kuanguliwa, na wakulima wa eneo zima hutangaziwa kwamba wakati umefika. Anayeamua siku ni mdudu mwenyewe, na ofisi inamfuata.

Vuli ndiyo majira yetu ya kuchipua. Sioni kwa nini Muheza isiwe na hesabu yake. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea kule Amani, juu ya milima hii ninayoiona nikisimama mlangoni, na watu wa mbali walikuja kujifunza huko kabla kazi ile haijahamishiwa Muguga nchini Kenya. Kituo cha utafiti cha Mlingano kipo hapa hapa wilayani. Elimu haijawahi kuwa mbali na michungwa yetu. Iliyokosekana ni njia ya kuiteremsha kwa wakati.

Sasa niwaeleze habari ya utitiri, ambaye najua hatajwi sana kwenye vikao kwa sababu haonekani.

Februari ya mwaka juzi bilinganya zangu za bondeni zilianza kuwa na vidoa vidogo vya njano, kama mtu amezinyunyizia unga. Jua lilikuwa kali, upepo wa kaskazi umekausha kila kitu. Baada ya siku chache majani yakawa ya shaba, na chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui. Nyanya zikafuata. Nikaenda duka la pembejeo, nikaeleza, nikauziwa dawa ya wadudu, ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, haina karatasi ya maelezo. Nikapuliza. Baada ya siku 5 hali ikawa mbaya zaidi. Nikarudi, nikaambiwa niongeze kipimo. Nikapuliza mara ya pili na ya tatu. Shamba lote likakauka kama limepitiwa na moto, na mikono yangu ikawasha kwa wiki nzima.

Nilichokuja kuelewa baadaye, kwa msaada wa kijana wa ugani aliyepita kwa bahati tu akielekea kata nyingine, ni hiki. Utitiri si mdudu. Ana miguu minane, ni wa ukoo mmoja na buibui na kupe. Dawa nyingi za wadudu hazimdhuru sana, lakini zinawaua wale wanaomla: utitiri wengine wakali wenye mbio, vibibi wadogo weusi na maadui wengine ambao mkulima hata hawajui. Nilikuwa nimelipa fedha zangu kumwondolea utitiri maadui zake wote, mara tatu. Na kwenye joto kama lile kizazi kimoja cha utitiri hukamilika kwa siku 10 au chini ya hapo, kwa hiyo kila nilipopuliza nilikuwa nawapa nafasi watoto wake.

Kijana yule alichukua karatasi nyeupe kutoka kwenye daftari lake, akaishika chini ya jani, akaligonga jani mara tatu. Vikaanguka vitone vidogo kama vumbi, na vumbi likaanza kutembea. Akavipitishia kidole, vikaacha michirizi. Akaniambia dada, ukiona hivi usinunue dawa ya wadudu. Mwagia maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, ng'oa yaliyozidiwa uyachome, usiache vumbi la njia lizagae shambani, na ikibidi dawa, iwe ya utitiri: salfa, au nyingine iliyosajiliwa kwa kazi hiyo. Salfa usiipulize jua likiwa kali, inaunguza majani. Dakika 10 alikaa nami. Februari iliyofuata niligonga majani yangu juu ya karatasi kila wiki, nikawaona mapema, nikawadhibiti kwa maji na kung'oa tu, mpaka mvua za Machi zikanisaidia kumalizia.

Waheshimiwa, karatasi nyeupe. Ningeijua mwaka mmoja mapema nisingepoteza shamba wala kununua sumu ile. Mwaka 2022 maofisa ugani waligawiwa pikipiki, na tunashukuru, tunaziona. Naomba pikipiki hizo zipewe ratiba inayofuata mvua: Oktoba kwenye majani machanga ya michungwa, Desemba chini ya miembe, Januari na Februari kwenye mboga za mabondeni, Machi kwenye mitego. Ofisa akija Septemba kutusajili na Julai kutuhesabu, tunamheshimu, lakini shamba halijamwona.

Na hilo duka. Silitaji, na si hilo peke yake linalopima dawa kwenye chupa za maji. Naiomba Mamlaka ikague maduka ya pembejeo ya Muheza, Mkanyageni na Korogwe mwezi wa Januari, msimu wa utitiri unapoanza, na isisitize kila chupa iuzwe na karatasi yake ya Kiswahili inayosema dawa hii inaua nani, na baada ya kupuliza zipite siku ngapi kabla ya kuvuna. Hizo siku za kusubiri watu wengi hawazijui kabisa. Nyanya zinapulizwa Jumatano na kupelekwa mnadani Ijumaa. Zinaliwa kachumbari na watoto wetu.

Kuna ujuzi mwingine mdogo ninaoomba utangazwe redioni, maana nimeona watu wakitupa fedha kwa kutoujua. Funza wa kwenye chungwa hawako wa aina moja. Ukilipasua ukakuta vifunza vyeupe visivyo na miguu, vingi pamoja, vinavyojikunja na kuruka, huyo ni nzi. Ukikuta kiwavi mmoja mwenye rangi ya waridi, kichwa cha kahawia na miguu, huyo ni nondo, wa Kiafrika hasa, na mitego ya nzi hata ukitundika 100 haimnasi. Chambo cha nzi ni methili yujenoli, harufu inayowavuta madume peke yake. Majike huvutwa na chakula cha protini, kwa sababu hawawezi kukomaza mayai bila hiyo. Ndiyo maana wenye ujuzi hawapulizi mti mzima. Huchanganya protini na sumu kidogo, wakapulizia sehemu ndogo tu ya majani kwenye kila mti, nzi akaja mwenyewe. Kule Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu cha Icipe kimesaidia kutengeneza chambo cha namna hiyo kutokana na mabaki ya hamira ya kiwanda cha bia. Tanzania ina viwanda vya bia. Protini hiyo ingeweza kutengenezwa hapa na kuuzwa kwa vipimo vidogo anavyovimudu mwenye miti 40. Siku hizi vifaa hivi vikipatikana, vinapatikana kwa ukubwa wa mwenye shamba la ekari 100.

Tumeona mnavyoweza mkitaka. Msimu wa 2022/23 mlitoa mbolea ya ruzuku, wakulima wakasajiliwa, ikafika. Wakulima wa korosho wamewahi kugawiwa salfa. Mkulima wa machungwa hajawahi kukumbukwa kwa namna hiyo, ingawa kila anayepita barabara ya Segera kwenda Tanga anamfahamu kwa matenga yake.

Kuhusu sisimizi waitwao maji moto nitasema kwa kifupi, japo moyo wangu uko kwao. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota juu ya michungwa na minazi, sisi tumezoea kuwachoma na kuwapulizia kwa sababu wachumaji hawawataki, na kweli wanauma. Lakini wanawinda. Wakulima wa kusini mwa China waliwaweka ndugu zao kwenye michungwa kwa makusudi kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwenye miembe ya Benin imeonekana kwamba mti wenye sisimizi hawa wengi hupata nzi wa matunda wachache, maana hata harufu wanayoiacha juu ya tunda humfukuza jike asitage. Kwenye minazi ya Unguja walijulikana zamani kwa kumzuia mdudu anayeangusha vidaka. Wana kasoro, wanafuga vidugamba kwa ajili ya utamu wao. Hata hivyo, katika michungwa yangu 6 ya upande wa mashariki niliyoacha kuwapulizia, mwaka huu nilivuna machungwa masafi kuliko kwingine kote, na wachumaji walijipaka majivu mikononi na kuchuma asubuhi na mapema kungali na ubaridi. Naomba watafiti wa Mlingano waje wayaangalie macho yangu kama yameona sawa.

Sasa jambo la mwisho, ambalo linanikosesha usingizi kuliko nzi. Mwaka 2016 watafiti waliandika kwamba mdudu mdogo wa Kiasia anayebeba ugonjwa wa ukijani wa michungwa amepatikana Tanzania. Ni mdogo kama punje ya ufuta, wa kahawia, hukaa kwenye jani changa akiwa ameinua sehemu ya nyuma juu kama mtu anayesujudu. Hapa Afrika tuna ndugu yake wa zamani, anayependa ubaridi wa nyanda za juu. Huyu wa Asia anapenda joto, yaani Muheza ndiyo kwao. Mti ukiambukizwa ugonjwa huo hautibiki: majani yanakuwa na madoa ya njano yasiyolingana pande mbili, matunda madogo, yamepinda, machungu, na baadaye mti unakufa. Jimbo la Florida kule Marekani liligundua ugonjwa huo mwaka 2005, na tangu hapo limepoteza zaidi ya robo tatu ya machungwa yake, pamoja na fedha, maabara na wataalamu wote waliokuwa nao.

Ugonjwa huu husafiri kwa miche. Hapa kwetu miche huuzwa pembeni mwa barabara, imebebwa kwenye pikipiki na malori kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, na sijawahi kumwona mtu akiulizwa imetoka wapi. Naomba kabla ya mvua hizi kila kitalu cha michungwa mkoani Tanga kikaguliwe na kupewa cheti, na miche isiyo na cheti isivuke mpaka wa wilaya. Naomba wakaguzi wapite mashambani mwezi wa Novemba, majani machanga yanapotoka, maana mdudu huyu hutaga kwenye machipukizi hayo tu. Mkaguzi akija Julai hatamwona, atarudi kuandika kwamba hayupo.

Maombi haya yote ninaweza kuyafunga katika moja: kata mbili au tatu za Muheza, tuseme Mtindiro na majirani zake, zichaguliwe mwaka huu. Mitego ya kuhesabia itundikwe kuanzia mwisho wa Oktoba, hesabu ya kila wiki ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na isomwe kwenye redio za mkoa, na siku idadi inapoanza kupanda, vijiji vyote vitoke siku moja kuokota, kufukia na kuweka chambo. Mkitupa hesabu hiyo, jasho tutalitoa sisi. Akina mama wa kikundi chetu wamekwisha kukubaliana, tuko 23, na tumehifadhi chupa za maji za plastiki zaidi ya 200 za kutengenezea mitego. Tumezitoboa kwa msumari wa moto. Tunachokosa ni chambo cha kutia ndani.

Mkiamua kuja kututazama, njooni kabla ya saa 4 asubuhi, jua likiwa halijakaza, na mnijulishe kupitia ofisi ya kijiji niwaandalie chai. Nitawaonyesha miti ile 6. Kwenye mpaka wa shamba langu kuna miembe miwili ambayo haina mwenyewe anayejulikana. Imebeba maua tangu mwezi uliopita na vidaka vya kwanza vimeshaonekana. Embe la kwanza litadondoka mwanzoni mwa Desemba. Shimo la kufukia nimelianza jana, limefika magotini.

Wenu mtiifu,

Mkulima wa machungwa na mboga,
Mtindiro, Muheza, Tanga.